Sayari ya Sokwe: kwa nini wametegua kitendawili kabla ya kukitega?

MzeeWaSakina (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mvua ya jana ilitufungia ndani, nikakaa na vijana wangu wawili tukaangalia ile filamu ya Sayari ya Sokwe (Planet of the Apes) iliyotoka 2024. Wao wameanzia ile ya 2011, wanamjua Caesar, yule sokwe kiongozi, kama wanavyomjua mjomba wao. Mimi nimeanzia ya 1968, na tangu jana roho haijatulia.

Ile ya zamani ilikuwa kitendawili. Mwanaanga Taylor, yaani Charlton Heston, anaanguka na wenzake kwenye nchi asiyoijua. Anakuta watu hawasemi, wanawindwa kwa nyavu kama swala, na sokwe ndio wamepanda farasi, wana mahakama, wana dini. Muda wote unaamini yuko sayari ya mbali. Mwisho anafuata ufuo, anakuta Sanamu ya Uhuru ya New York imefukiwa mchangani mpaka kifuani, anapiga magoti. Kumbe yuko nyumbani.

Sasa njoo 2011. Tuko San Francisco, kuna maabara, kuna mtafiti, kuna dawa. Toka mwanzo unajua hapa ni duniani. Neno "sayari" limebaki kwenye jina tu. Nawaambia vijana wangu kwamba hii hadithi ilikuwa na mshtuko, wananitazama tu. Kwangu mimi waliotengeneza upya wametegua kitendawili kabla ya kukitega. Nani ananielewa?

ChaliiWaNgarenaro

Mzee shikamoo. Nakuelewa ila sikubaliani.

Kitendawili hakitegwi mara mbili kwa mtu yuleyule. Leo nikikwambia "nyumba yangu haina mlango" utanijibu yai kabla sijafunga mdomo. Dunia nzima inajua ile sanamu. Walijaribu 2001, Tim Burton akaweka mwisho mwingine, jamaa anarudi duniani anakuta sanamu ya Lincoln ina sura ya sokwe. Watu walitoka ukumbini wanaulizana imekuwaje. Hawa wa 2011 walifanya la busara, waliacha swali la "tuko wapi" wakachukua la "tulifikaje hapa".

MwalimuRau

Naongezea historia, maana naona tunaruka filamu nne za katikati.

Swali la "tulifikaje hapa" halikuanza 2011. Mwaka 1971 sokwe Cornelius na mkewe Zira wanarudi nyuma kwa chombo cha Taylor, wanatua 1973, wanazaa mtoto. Filamu ya 1972 inaonyesha mtoto huyo amekua, ndiye Caesar, na Roddy McDowall aliyekuwa Cornelius ndiye anayemwigiza. Ugonjwa umeua mbwa na paka wote, watu wakafuga sokwe badala yao, kisha wakawageuza watumwa. Caesar anaongoza maasi.

Shida iko hapa: sokwe wana akili kwa sababu sokwe wenye akili walitoka siku zijazo. Na hao wa siku zijazo walipata wapi akili? Kwa Caesar. Na Caesar? Kwa wazazi wake waliotoka siku zijazo. Ni mduara, hauna mlango wa kuingilia. Ukitaka kuanza upya lazima uukate mahali, na dawa ya maabara ndiyo panga walilotumia. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu hasa.

FundiRedioPasua

Mmenikumbusha mbali. Mimi ya 1968 niliiona bandani Majengo, hapa Moshi, kanda ya VHS, tumebanana kwenye benchi. Alikuwepo mtafsiri anashika maiki, filamu inaenda naye anaenda. Dokta Zaius, yule mkubwa wa sokwe, kwake aliitwa Shehe Mkuu. Ilipofika ile sanamu akasimamisha kanda. Akatuambia: "Wananzengo, hebu chukulieni umetembea miezi jangwani, mara unakuta Mnara wa Saa wa hapa Moshi umefukiwa mchanga mpaka kwenye uso wa saa." Banda zima kimya. Sijasahau mpaka leo.

Swali: ule mwaka wanaofika si 2673? Au nachanganya na alichosema mtafsiri?

MwalimuRau

@FundiRedioPasua 2673 ndiyo Taylor anaisoma mwanzoni wakiwa bado safarini, kabla hajalala. Wakianguka saa ya chombo inaonyesha 3978. Halafu filamu ya pili, 1970, inasema 3955. Kwa hiyo wanaolia kwamba hizi mpya zimevuruga mpangilio, zile za zamani zenyewe zilipishana miaka 23 ndani ya miaka miwili.

Na kabla hatujaendelea: Sanamu ya Uhuru haimo kitabuni. Kitabu ni cha Mfaransa Pierre Boulle, 1963. Mle sokwe wana magari na ndege, sayari ni nyingine kweli, na mshtuko ni kwamba jamaa akirudi Paris anapokelewa uwanja wa ndege na sokwe. Ya 1968 ilibadili kitabu kabla ya 2011 kuibadili ya 1968. Mzee wa Sakina, hicho kitendawili unachokililia nacho kilikuwa badiliko la mtu.

MzeeWaSakina

Mwalimu hapo umenibana. Asante. Ila ngoja, nina hoja nyingine, nitarudi.

MamaNeema_Marangu

Mimi si mtu wa filamu za anga, mwanangu ndiye aliniwekea hii ya 2011. Naomba niseme kwa nini kwangu ni bora kuliko mnavyoipima.

Mama yangu alianza kusahau. Kwanza majina ya wajukuu, baadaye njia ya kutoka mgombani kuja nyumbani, na sisi tumezaliwa kwenye kihamba hichohicho. Siku moja aliniuliza mimi ni mke wa nani. Kwenye filamu yule mtafiti, Will, anatafuta dawa kwa ajili ya baba yake aliyepata ugonjwa huohuo wa kusahau. Anamchoma ile ALZ-112 kwa siri. Asubuhi mzee anaamka anapiga kinanda vizuri kama zamani. Nililia. Baadaye dawa inaacha kufanya kazi, mzee yuko mezani ameshika uma kichwa chini, na ni Caesar anayenyoosha mkono taratibu kumgeuzia. Hakuna mtu aliyemwambia afanye hivyo.

Ningekuwa na sindano ile ningemchoma mama yangu usiku uleule, bila kumuuliza mtu. Kwa hiyo mnaposema wamebadili chanzo, mimi naona wameweka chanzo ninachokijua. Utumwa wa sokwe wa 1991 siwezi kuuamini. Mtoto anayeiba dawa kwa ajili ya mzazi, huyo namwamini.

DogoKijenge

Pole mama. Sikuwahi kuifikiria hivyo.

Mimi kilichonipata ni mwishoni, yule jirani rubani anaingia uwanja wa ndege damu inamtoka puani, halafu ramani, mistari ya safari inasambaa dunia nzima. Nilikuja kuirudia 2020. Mnakumbuka mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alitangazwa 16 Machi, hapa hapa Arusha, msafiri aliyeshukia KIA. Niliizima ile filamu ramani ilipotokea. Waandishi wa 2011 waliona mbali.

ChaliiWaNgarenaro

Hata kwetu hapa Ngarenaro watu walikuwa wanasema "ni kama ile filamu ya manyani."

DerevaWaPorini

@ChaliiWaNgarenaro samahani ndugu yangu, manyani hapana. Hili nalipigania kila siku kazini, acha nilipiganie na hapa.

Nyani ni yule anayeiba ndizi za wageni Manyara, ana mkia, ana mdomo mrefu kama mbwa. Hakuna nyani hata mmoja kwenye baraza la Caesar. Tumbili, ngedere, kima, mbega, wote wana mikia, wote si hao. Anayesemwa ni sokwe: hana mkia. Caesar ni sokwe mtu, Koba mpinzani wake ni bonobo, ndugu wa karibu wa sokwe mtu, Maurice ni orangutani wa Asia, na yule mkubwa anayevunja mlango ni gorila. Banda zima la nchi hii lilisema "sayari ya manyani" na Kiswahili chetu kina jina tayari, tena jina la mnyama wetu wenyewe.

Maana hawa ni wa kwetu. Nimepeleka wageni Gombe mara nyingi, unatoka Kigoma kwa boti kufuata ziwa. Gombe ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa 1968, mwaka uleule wa filamu ya Mzee wa Sakina. Jane Goodall alifika pale Julai 1960, na mwaka huohuo akamwona dume aliyempa jina David Greybeard akichomeka jani kwenye kichuguu na kulamba mchwa. Kabla ya hapo wasomi walisema chombo cha kazi ni cha binadamu peke yake.

Sasa sikilizeni, ndiyo hoja yangu. Kati ya 1974 na 1978 kundi la Kasakela lilishambulia kundi la Kahama pale Gombe. Walikuwa kundi moja zamani, wakagawanyika. Wa Kasakela walikuwa wanaenda kimya kimya kwenye mpaka, wanamkuta dume mmoja peke yake, wanampiga mpaka basi. Walimaliza madume ya Kahama. Angalia filamu ya 2014, Koba na Caesar, na ile sheria yao kwamba sokwe hamuui sokwe, inavyovunjwa. Waandishi wa 1968 wasingeweza kuandika hivyo, hiyo vita ilikuwa haijatokea. Wao walimwona sokwe ni binadamu aliyevaa manyoya. Kilichobadilisha filamu ni kwamba tumemjua mnyama.

BintiWaSanawari

Dereva, heshima kwako. Lakini mnaruka kitu kikubwa na kinaniumiza.

Filamu ya 1972 haikuwa ya wanyama. Maasi yale yalichorwa kwa kufuata maasi ya Watts ya 1965, mtaa wa watu weusi Los Angeles. Sokwe wanafungwa minyororo, wanapigwa mnada, wanafundishwa kumwaga maji mezani. Na msaidizi wa gavana, Mmarekani mweusi, ndiye pekee anayemwelewa Caesar, kwa sababu mababu zake walipita hapo. Hata mwisho ulibadilishwa: awali sokwe wanamuua gavana kwa vitako vya bunduki, watazamaji wa majaribio wakaogopa, wakamwongezea Caesar maneno ya huruma.

Sasa ya 2011 imeondoa mnada na mnyororo, ikaweka kizimba cha kuhifadhi wanyama. Nani aliogopa nini? Kuna sehemu yangu inashukuru, maana kufananisha watu weusi na sokwe ni tusi tulilotupiwa miaka mingi, na sitaki mtoto wangu alikute kwenye filamu hata kama nia ni njema. Sehemu nyingine inaona wameifuta hasira iliyoizaa hadithi. Sijapata jibu. Ila msiseme sababu ni sayansi tu.

MzeeWaSakina

Nimerudi, na Binti amenifungulia njia.

Hoja yangu niliyoahidi. Pale ufukweni Taylor analaani watu kwa kuilipua dunia yao wenyewe. 1968 ilikuwa enzi ya bomu la atomiki, na filamu ya pili inamalizika kwa bomu linalounguza sayari nzima. Maana yake binadamu alijua anachofanya, akafanya. Hizi mpya zinasema ilikuwa ajali. Mtafiti alimpenda baba yake, dawa ikawa kirusi, tukafa. Mama Neema, nakuheshimu sana na mama yako namwombea, lakini naona wametupunguzia hatia. Mtu wa 1968 alitoka ukumbini anajilaumu. Wa 2011 anatoka anasikitika.

MamaNeema_Marangu

Mzee nimekuelewa, ila rudia kuitazama. Will alisita. Mkuu wa kampuni ndiye aliyesukuma ile ALZ-113 itengenezwe haraka kwa sababu ya fedha, mtumishi akavuta ile hewa, wakamwacha arudi nyumbani anakohoa. Hiyo si ajali. Na Will naye ana hatia, mimi nimeikiri yangu hapo juu: nami ningemchoma. Hatia ya mtu anayependa ni nzito zaidi kwangu kuliko ya mtu wa bomu nisiyemjua.

MchuuziKilombero

Wakuu mnazunguka sana. Ni biashara. Jina linauza, hakuna mwenye duka anayetupa jina linalouza. Filamu tano kati ya 1968 na 1973, wakajaribu 2001, wakarudi 2011, 2014, 2017, 2024, na katikati hapo kampuni yenyewe, Fox, imenunuliwa na Disney 2019 na sokwe bado wanaendelea. Kuanza upya maana yake mteja mpya haulizi za nyuma. Vijana wa Mzee ndio ushahidi.

FundiRedioPasua

Mchuuzi ana lake, ila kuna vifaa. Ya 1968 John Chambers alitengeneza sura za mpira kwa ustadi mpaka akapewa Oscar ya heshima, lakini mwigizaji akiwa ndani ya ile sura ni macho tu yanayosema. Huwezi kumfanya huyo awe mhusika mkuu mwenye utoto, ujana na uzee. Kwa hiyo lazima mhusika mkuu awe Heston. 2011 Andy Serkis, anayemwigiza Caesar, anavaa nguo yenye alama, kamera ndogo mbele ya uso, kila msuli unanaswa na kompyuta ndiyo inamvika manyoya. Hapo ndipo sokwe anaweza kubeba hadithi, na hadithi ikibebwa na sokwe, haiwezi tena kuwa ya mgeni aliyepotea. Sokwe hajapotea, yuko kwao. Kitendawili cha Mzee kiliondoka siku hiyo, wala hakuna aliyekaa akaamua kukiondoa.

MzeeWaSakina

Fundi hiyo ndiyo sababu bora niliyoisoma hapa. Bado inaniuma.

DogoKijenge

Mimi nasema kitendawili bado kipo. Kwenye ya 2011 kuna taarifa ya chombo Icarus kimepotea angani. Hicho ni chombo cha Taylor! Na 2017 kirusi kinabadilika, kinawanyang'anya watu sauti, kuna binti bubu anaitwa Nova. Nova yupo 1968. Kwa hiyo hadithi ni ileile, Taylor yuko njiani.

MwalimuRau

Dogo, kwenye ya 1968 chombo hakitajwi jina hata mara moja. Icarus ni jina walilolitunga mashabiki baadaye, na watengenezaji wa 2011 wakalichukua kama salamu kwetu. Salamu nyingine: mama yake Caesar anaitwa Bright Eyes, jina ambalo Zira alimpa Taylor. Na "Hapana" ya Caesar pia, neno lake la kwanza kwenye ya 2011: mwaka 1971 Cornelius anasimulia kwamba sokwe wa kwanza kusema aliitwa Aldo na neno lake lilikuwa hilo. Halafu 1972 anayelitamka ni Lisa. Kila mara wanampa mwingine. Sasa hizi ni dalili za hadithi moja au heshima kwa wazee? Mimi nasema heshima.

DogoKijenge

Mwalimu, heshima haiwafanyi watu kuwa bubu. Hiyo ni njama ya makusudi ya kufika 3978.

BintiWaSanawari

Nje kidogo ya mada: sokwe angeweza kusema kweli? Niliwahi kusikia koo lao haliruhusu.

DerevaWaPorini

Wataalamu wamebishana. Utafiti wa 2016 kwa tumbili wa Asia aitwaye makaki ulionyesha koo na mdomo vingetosha kutoa irabu zinazoeleweka, kinachokosekana ni ubongo wa kuviendesha. Ndiyo maana naipenda 2011: Caesar anaanza kwa ishara za mikono, kama sokwe Washoe aliyefundishwa Marekani kuanzia 1966, na sauti inakuja mwisho. Ya 1968 wanasema tu Kiingereza, na Taylor wala hashangai!

Na kwa kuwa tumeshatoka nje ya mada: mnajua tuna filamu ya 2011 yetu wenyewe? Kisiwa cha Rubondo, Ziwa Viktoria. Kati ya 1966 na 1969 waliletwa sokwe 17 kutoka bustani za wanyama za Ulaya wakaachiwa msituni. Wamezaliana mpaka leo. Waliolelewa vizimbani wakajifunza upya kujenga viota juu ya miti. Mimi nikiona Caesar anapanda mti wa kwanza kule msituni, nawaza Rubondo.

ChaliiWaNgarenaro

Dereva hii ya Rubondo ungeianzishia uzi wake. Na sokwe nimeelewa, sitarudia manyani.

FundiRedioPasua

Mzee wa Sakina, vijana wako hawajaiona ya 1968 kabisa? Ninayo safi kwenye flashi. Nikija Arusha Alhamisi nakuachia stendi. Usinunue kasha la dukani, makasha mengi wamechora sanamu mbele, utaua kila kitu kabla hujabonyeza.

MzeeWaSakina

Hawajaiona. Nitashukuru sana. Nitawaletea majibu hapa.

MzeeWaSakina (siku nne baadaye)

Wakuu, tumeiangalia Jumamosi. Sikuwaambia kitu.

Mkubwa alichoka mapema, akasema sokwe wanaonekana wamevaa soksi usoni. Mdogo alikaa mpaka mwisho, ana miaka kumi na mmoja. Ikafika ufukweni, Taylor anapiga magoti, mimi moyo unanidunda. Mtoto akaniuliza, "Baba, huyo mama mwenye taji ni nani?"

Hakuijua sanamu. Nilinyamaza kidogo, nikakumbuka mtafsiri wa Fundi. Nikamwambia, fikiria umetembea, umetembea, hujui uko nchi gani, mara unaukuta Mnara wa Saa wa hapa mjini umefukiwa mchanga, kimebaki kile kichwa chenye saa.

Aliniangalia, akarudisha filamu nyuma mwenyewe, akaitazama tena ile sehemu. Kisha akauliza, "Ingekuwa imesimama saa ngapi?"

ChaliiWaNgarenaro

Mzee, si unaona? Kitendawili cha New York hakikumfika mpaka ulipokibadilisha. Umefanya kazi ileile ya watu wa 2011.

MzeeWaSakina

Hapana chalii wangu. Nilibadili mnara. Kutega nilitega.